Kamera Inazima Njiani: Dalili za Betri na Dawa Zake kwa Wanaopiga Picha Mwanza na Visiwa vya Ziwa Victoria

Malalamiko ya betri yanayonifikia hapa Mwanza yanafanana sana. Mtu amepanda feri asubuhi kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kamera inafanya kazi vizuri, betri kazitoa kwenye pakiti siku hiyo hiyo. Jua halijafika utosini, kamera inamwandikia kwamba chaji imeisha. Wengine huamua hapo hapo kwamba kamera imekufa, wengine huamua kwamba mwenye duka amewaibia. Nimepima betri nyingi za namna hiyo, na mara nyingi kamera ni nzima na betri nazo bado zina uhai. Tatizo ni kwamba aina ile ya betri haikutengenezwa kwa kazi ile.

Redio hunywa umeme kidogo kidogo. Kamera ya dijitali hutaka umeme kwa mkupuo: lenzi inapotoka, flashi inapojaa, picha inapoandikwa kwenye kadi. Betri isiyoweza kutoa kwa mkupuo volti zake huanguka kwa sekunde hiyo, kamera ikaona chaji imeisha, ikazima. Iache ipumzike dakika tano, inawaka tena, unapiga picha moja, inazima. Ukilishika hilo, nusu ya dalili zilizo hapa chini utazitatua mwenyewe ukiwa ndani ya mtumbwi.

“Nimeweka betri mpya za AA, inapiga picha mbili tatu inazima”

Hili ndilo linaloongoza, hasa kwa kamera ndogo za betri mbili au nne za AA, ambazo bado zinapendwa kwa sababu mtu anaamini betri zake zinapatikana kila duka. Zinapatikana kweli. Swali ni zipi.

Sababu ya kwanza, na inaziacha nyingine mbali: umenunua mawe ya redio. Betri nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya vijijini na mialoni, kule wavuvi wanakoshushia samaki, ni za kaboni na zinki. Bei yake ni ndogo, kwenye rimoti au saa ya ukutani zinafaa kabisa, lakini kwa kamera ni kupoteza hela. Usiangalie rangi ya ganda wala maneno makubwa yaliyoandikwa mbele. Igeuze betri, tafuta herufi ndogo. R6 ni kaboni na zinki (nyingine huandikwa UM-3). LR6 ni alkalaini. HR6 ni ya kuchaji, ya nikeli, ambayo pia huandikwa NiMH. FR6 ni lithiamu isiyochajiwa. Zote nne zina umbo lile lile la AA, zote zinaingia kwenye kamera yako, na tofauti yake safarini ni kubwa mno. Ukikariri herufi hizo nne, hakuna muuzaji atakayekuchanganya, hata kama yeye mwenyewe hajui anachouza.

Niliwahi kwenda na wavuvi wa dagaa usiku wa giza, maana mbalamwezi ikiwaka hawatoki. Nilitaka kupata zile taa zinavyotandazwa juu ya maji na nyuso za watu wakivuta wavu. Betri zangu za kuchaji nilikuwa nimezisahau nyumbani, nikanunua nane dukani mwaloni, zote R6. Kwa flashi, nilipata picha kumi na tatu. Nane nzima! Tulivyorudi alfajiri nikazigawa, na wiki iliyofuata mzee mmoja wa pale aliniambia redio yake bado inaimba kwa mbili kati ya hizo. Tangu siku hiyo naangalia herufi kwanza, bei baadaye.

Sababu ya pili: ni alkalaini kweli, lakini unatumia flashi mfululizo. Alkalaini mpya ina volti 1.5 au zaidi kidogo, ila ikikamuliwa kwa nguvu hutoa sehemu ndogo tu ya chaji iliyomo. Zima flashi, punguza mwanga wa kioo, utaona tofauti papo hapo. Kama kamera inaendelea vizuri bila flashi, umeshapata jibu.

Sababu ya tatu: umechanganya. Betri moja mpya na moja ya jana, au alkalaini na ya kuchaji. Iliyo dhaifu huivuta nyenzake chini, na mara nyingi ndiyo inayovuja. Badilisha zote kwa pamoja, za aina moja, za pakiti moja.

Ya nne ni uchafu kwenye vile vyuma ambako betri inagusa. Jasho, vumbi la barabarani, mafuta ya mkono. Futa ncha za betri na vyuma vya ndani kwa kitambaa kikavu kisafi, kisha chunguza kama kifuniko kinafunga kwa kukaza. Kifuniko kikilegea, hata betri bora itakata.

Kama baada ya hayo bado inazima, jaribu betri za lithiamu (FR6) au za kuchaji zilizojaa. Ikizima hata kwa hizo, shida iko ndani ya kamera. Hapo simama. Usiifungue mwenyewe. Kapasita ya flashi huhifadhi zaidi ya volti 300, na huendelea kuzihifadhi hata betri ikiwa imetolewa. Fundi wa kamera anajua namna ya kuimaliza nguvu kabla ya kugusa. Fundi wa simu asiyewahi kushika flashi anaweza asijue, kwa hiyo muulize kabla ya kumwachia.

Onyo jingine kubwa kwa wenye kamera za AA. Siku hizi tochi za kuchaji zimejaa madukani, na baadhi hutumia betri ya lithiamu yenye umbo sawasawa na AA, imeandikwa 14500. Ile ina volti 3.7, na ikijaa inafika 4.2. Mbili zikiungana moja nyuma ya nyingine ndani ya kamera inayotaka volti 3, umeipa zaidi ya 8. Haitakuwa suala la kuzima tena. Ukiona 3.7V kwenye betri ya umbo la AA, irudishe kwenye tochi.

“Betri za kuchaji zimetoka kwenye chaja sasa hivi, kamera inasema ziko nusu”

Kwanza fungua menyu ya kamera. Kamera nyingi za AA zina mahali pa kuchagua aina ya betri: alkalaini, NiMH au lithiamu. Betri ya nikeli ina volti 1.2, siyo 1.5, kwa hiyo kamera iliyoachwa kwenye alkalaini huihesabu kuwa imekaribia kuisha wakati imejaa. Badilisha chaguo hilo. Watu wametupa betri nzuri kabisa kwa kutojua kitu hiki kimoja.

Kama menyu iko sawa, tazama chaja. Chaja za bei nafuu huchaji betri mbili mbili, zikizihesabu kama moja, au hukata kwa saa bila kupima chochote. Moja ikiwa imejaa na nyenzake nusu, mojawapo itatoka na njaa au nyingine itatoka imeungua kwa joto. Chaja inayopima kila betri peke yake, yenye taa yake kwa kila nafasi, ndiyo ya kununua, na ukinunua kitu kimoja tu baada ya kusoma hapa, nakusihi kiwe hicho. Pia zipange betri kwa makundi ya kudumu. Andika kwa kalamu ya wino mzito A na A, B na B, zichajiwe pamoja na zitumike pamoja mpaka mwisho.

Jambo la tatu ni kwamba zilikaa. Betri za nikeli za mtindo wa zamani hujimaliza zenyewe zikiwa kabatini, wiki chache tu zimepungua sana. Zipo zile zisizopoteza chaji haraka, ambazo Sanyo walizileta mwaka 2005 kwa jina la Eneloop na baadaye kampuni nyingine zikafuata. Hizo huhifadhi sehemu kubwa ya chaji hata baada ya mwaka. Uwezo ulioandikwa ni mdogo kidogo, karibu 2000 mAh, wakati nyingine zinadai 2700 na zaidi. Kwa safari ningechukua hizo za 2000 bila kufikiri mara mbili.

Betri iliyokaa miezi bila kutumika inaweza kuhitaji kuchajiwa na kutumiwa mizunguko miwili au mitatu kabla ya kurudi kwenye nguvu yake. Isiporudi, imezeeka. Ukiwa na mita ya kupimia volti, ipime ikiwa imetoka kwenye chaja na imepumzika saa chache: ikiwa chini ya volti 1.2 wakati wenzake wako 1.3 na kitu, itenge.

“Betri yangu bapa ilikuwa inapiga siku nzima, sasa haifiki mchana”

Hapa tunazungumzia pakiti za lithiamu zinazokuja na kamera kubwa na nyingi za kisasa. Kwa safari ndizo bora kwa uzito na nguvu. Kasoro yake ni moja: ikiisha, huwezi kuikimbilia dukani Nansio. Ukienda kisiwa cha Rubondo, ulichobeba ndicho ulichonacho.

Kabla ya kuilaumu betri, jilaumu na mipangilio. Wi-Fi na bluetooth zikiwa wazi, kamera inatafuta simu muda wote hata ikiwa begini. Kuonyesha picha kwa sekunde nane baada ya kila kubofya, kuacha kioo kikiwaka muda mrefu, kurekodi video, yote hayo yanakula kuliko picha zenyewe. Mtu akienda kusubiri jua lizame nyuma ya Jiwe la Bismarck, lile jiwe la ziwani hapa Mwanza, na kioo kikiwaka dakika arobaini, hajapiga hata picha moja na betri imeshapungua. Zima, subiri, washa jua likikaribia. Fanya jaribio la siku moja ukiwa umezima hivyo vyote. Chaji ikirudi kama zamani, betri haina kosa.

La pili ni joto. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Buzuruga au begi jeusi juu ya sitaha ya boti vinaua lithiamu polepole, na uharibifu huo haurudi nyuma. Watengenezaji wengi hawataki betri ichajiwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 40. Ikitoka kwenye kamera ikiwa ya moto, iache ipoe kivulini kwanza ndipo uichaji. Kama huitumii kwa miezi, iache ikiwa karibu nusu, siyo imejaa wala imekauka.

La tatu, umri. Baada ya mizunguko 300 hadi 500 betri ya lithiamu imechoka, na hilo ni la kawaida. Kamera kadhaa zina ukurasa wa menyu unaoonyesha afya ya betri, angalia hapo. Na ule ushauri wa kuimaliza kabisa ndipo uichaji, uache. Ulikuwa wa betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Lithiamu inaumia kwa kukaushwa.

La nne ni kwamba siyo ile unayodhani. Chukua mfano wa pakiti ya Canon ya LP-E6: ya kwanza ilikuwa na 1800 mAh, ikaja LP-E6N yenye 1865, kisha LP-E6NH yenye 2130. Hiyo ndiyo hatua iliyopigwa na watengenezaji wenyewe kwa miaka mingi ndani ya ganda lile lile. Sasa ukiuziwa ya kampuni isiyojulikana, ganda lile lile, imeandikwa 3500, jiulize nafasi ya ziada wameipata wapi. Ipime kwa mkono ukilinganisha na orijino. Feki nyingi ni nyepesi.

“Kamera inaikataa betri, au haionyeshi asilimia”

Mara nyingi ni betri mbadala ambayo chipu yake haizungumzi na kamera. Futa ncha zake, itoe na uirudishe. Kama ilikuwa ikikubali na imeanza kukataa baada ya kusasisha programu ya kamera, hakuna dawa zaidi ya kutafuta nyingine. Betri mbadala ya kampuni inayoaminika inaweza kukufaa kama akiba, ila uende nayo ukijua kwamba kipimo chake cha chaji hakiaminiki: inaweza kusema imejaa na baada ya picha kumi ikazima.

“Chaja haiwaki” au “imekesha kwenye chaja na haijajaa”

Anza na rahisi. Jaribu soketi nyingine. Swichi ya ukutani imewashwa? Umeme ulikatika usiku ukarudi alfajiri? Swali hili la mwisho linaonekana jepesi mno, lakini ndilo jibu katika visa vingi vya “imekesha na haijajaa”. Kisha soma nyuma ya chaja. Ikiandikwa 100–240V, umeme wetu wa 230 ni wake. Ikiandikwa 120V tu, imeletwa kutoka Marekani, na ukiichomeka hapa itaungua.

Kwenye jenereta la mwaloni au la nyumba ya wageni, subiri litulie baada ya kuwashwa ndipo uchomeke, na chomoa kabla halijazimwa. Inverta (vifaa vya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) za bei ndogo hutoa umeme usio laini, na chaja zingine hupata moto au hupepesa taa. Chaja ikitoa mlio au ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, itoe.

Visiwani watu wengi huchaji kwa sola, na ni njia nzuri ikifuatwa inavyotakiwa. Paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa 18 au zaidi juani, kwa hiyo usiunge waya wa paneli moja kwa moja kwenye chaja ya kamera wala kwenye betri. Tumia kontrola (kifaa kinachodhibiti umeme wa paneli) na betri ya sola, halafu kichaji cha USB cha kwenye gari. Kwenye vibanda vya kuchaji simu muulize mwenye kibanda, utakuta mfumo huo tayari anao. Ndiyo sababu ningemshauri msafiri awe na chaja ya USB ya betri ya kamera yake: inakula kwenye sola, kwenye gari, kwenye pawabenki na ukutani.

Kamera inayochajiwa kwa waya wake yenyewe mara nyingi hutaka izimwe kwanza, na baadhi hukataa pawabenki isiyo na USB-C PD, yaani mfumo wa USB wa kutoa umeme wenye nguvu zaidi. Jaribu nyumbani, siyo ukiwa kisiwani. Kuhusu hesabu: pawabenki ya 20,000 mAh ina takriban wati-saa 74 (wati-saa ni kipimo cha umeme wote uliomo). Ukiondoa kinachopotea njiani, itajaza betri kubwa ya kamera, yenye wati-saa 16 hivi, kama mara tatu. Kwa safari ya siku tatu Ukerewe na Ukara, betri mbili za lithiamu na pawabenki hiyo zinatosha mtu anayepiga kwa utaratibu. Kwa mwenye kamera ya AA, seti mbili za kuchaji, chaja yake, na betri nne za FR6 chini ya begi kama akiba. FR6 ni ghali, ila ni nyepesi na hukaa zaidi ya miaka 10 bila kuharibika.

Ukisafiri kwa ndege kutoka Mwanza, betri za lithiamu za akiba na pawabenki huingia nazo mkononi, siyo kwenye mzigo wa chini. Zilizo chini ya wati-saa 100 hazihitaji kibali cha shirika. Funika ncha kwa utepe wa plastiki wa kunata ili zisigusane na funguo au sarafu.

“Tarehe inarudi nyuma kila nikibadilisha betri”

Siyo betri kubwa. Kuna kabetri kadogo ndani kanakotunza saa. Weka betri kubwa iliyojaa, iache ndani siku moja au mbili, kwenye kamera nyingi kale kadogo kanajichaji kenyewe. Ikishindikana, mpelekee fundi.

“Kuna unga mweupe mahali pa betri”

Betri zimevuja. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, zitoe, usiguse macho. Kama zilikuwa alkalaini, chovya kijiti cha pamba kwenye siki au maji ya limau, kikamue kibaki na unyevu tu, futa huo unga taratibu, kisha maliza kwa kijiti chenye spiriti na uache pakauke kabisa. Kama chuma kimeliwa au ule unga umepita kuingia ndani, acha kusugua, peleka kwa fundi. Na usiache AA ndani ya kamera inayokaa kabatini.

“Betri imevimba, imekwama, haitoki”

Hapa hakuna jaribio la kwanza wala la pili. Usiichaji. Usiichokonoe kwa bisibisi wala kisu, na usiibonyeze irudi. Betri ya lithiamu ikitobolewa huwaka, na ndani ya boti lenye watu na madumu ya petroli hutaki kuona hilo. Ikiwa imetoka, iweke kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, mbali na vinavyoungua, na usiitupe ziwani wala kwenye jalala linalochomwa moto. Ikiwa imekwama, kamera nzima iende kwa fundi kama ilivyo, ikiwa imezimwa. Ikianza kutoa moshi au mlio wa kufoka, watu wasogee. Moto wake hupozwa kwa maji mengi, na moshi wake ni sumu.

“Kamera imeanguka majini”

Toa betri upesi, kisha kadi. Usiwashe kuona kama bado inafanya kazi. Watu wengi huiua kwa kubofya huko, wakati maji yenyewe yalikuwa hayajaiua. Mchele hausaidii ndani ya lenzi. Ifungue milango yake yote, iweke kivulini penye upepo, na ifike kwa fundi siku hiyo hiyo. Betri iliyolowa usiirudishe kwenye chaja hata ikikauka. Kadi ikaushe, maana picha zako zina nafasi kubwa ya kuwa salama humo.